Barua ya wazi kwa wanaotoa leseni za makaa na gesi: msihesabu gesi ambayo hakuna aliyeipima

Waheshimiwa mawaziri, makatibu wakuu, makamishna na wajumbe wa kamati mnaopitisha leseni za utafutaji,

YAH: GESI ILIYOMO KWENYE MATABAKA YA MAKAA YA MAWE YALIYO CHINI SANA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa kando ya mtambo wa kuchoronga, mchana na usiku, nikisubiri kipande cha makaa kitolewe chini ili nikifungie ndani ya kopo la chuma kabla hakijamaliza kuvuja. Siandiki kuipinga gesi hii wala kuipigia debe. Ninaandika kwa sababu nimeona maamuzi ya miaka mingi yakitiwa saini juu ya namba ambazo hakuna aliyezipima, na mwenye kalamu akiwa hajui kwamba hazijapimwa. Linaniuma kwa kuwa linazuilika.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe ilivyo, maana wengi wenu mnaletewa jedwali tu. Mrija wenye sampuli ukishatua mezani, tuna dakika chache. Unafunguliwa, makaa yanatokeza meusi ya kung'aa, yamelowa, na mtambo ukinyamaza kidogo unayasikia: sauti ndogo isiyokoma, kama manyunyu juu ya majani makavu. Kila ufa unatoa viputo. Mmoja anapima urefu, mwingine anapiga picha, mimi naandika saa: mrija ulianza kupanda saa ngapi, ulifika juu saa ngapi, kopo lilifungwa saa ngapi. Kisha kopo linatumbukizwa kwenye tangi la maji yaliyopashwa hadi joto la kule tabaka liliko, na kwa wiki kadhaa, pengine miezi, tunapima gesi inayotoka. Mwanzoni kila baada ya dakika chache, baadaye mara moja kwa siku. Mwisho kabisa makaa husagwa ndani ya chombo kilichofungwa ili kupata gesi iliyogoma kutoka.

Kwa hiyo namba moja mnayoiona kwenye ripoti, tuseme mita za ujazo 12 za gesi kwa tani, imeundwa na sehemu tatu: iliyotoka koponi, iliyotoka baada ya kusagwa, na iliyotoroka kabla kopo halijafungwa. Hii ya tatu hatuipimi. Tunaikadiria kwa kuangalia gesi ilivyotoka saa za kwanza na kuurudisha nyuma mstari huo dhidi ya kipeuo cha pili cha muda. Njia hiyo imetumika migodini tangu miaka ya 1970, na kwa tabaka la mita 300 inafanya kazi vizuri, maana sampuli inafika juu upesi. Kwa tabaka la mita 2,000 mrija unapanda muda mrefu, shinikizo linashuka njia nzima, na kufikia wakati tunafunga kopo sehemu kubwa ya gesi imekwisha kwenda zake. Hapo ile sehemu ya kukisia inaweza kuwa kubwa kuliko ile iliyopimwa.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike. Niliwahi kuonyeshwa ripoti ya eneo nililolipima mwenyewe. Makopo yangu yote yalitoka visima viwili, na hakuna kilichozidi mita 600. Ndani ya ripoti mlikuwa na ramani iliyopakwa wekundu mkali upande ambako makaa yanazama hadi mita 1,800, na pembeni mwa wekundu huo namba kubwa kuliko zote. Nikatafuta kisima cha tatu. Hakikuwepo. Mwandishi alichukua vipimo vyangu, akaona gesi inaongezeka kadiri unavyoshuka, akaweka rula na kuuvuta mstari hadi chini. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba ni utaratibu wa kawaida katika hatua za awali. Kampuni siitaji na eneo silitaji. Ila ripoti ile ilifika mezani kwa watu kama ninyi, na maneno "hatua za awali" hayakusafiri nayo.

Kwa nini mstari ule hauvutwi hivyo? Jibu limo kwenye makaa yenyewe, na naomba mnivumilie kidogo.

Makaa ya mawe ni mimea ya vinamasi iliyofukiwa kabla haijaoza yote. Vinamasi vikubwa vya Ulaya na Marekani ya Kaskazini vilistawi zama za Kaboni, zilizokwisha takriban miaka milioni 299 iliyopita. Vile vya kusini, vilivyozaa makaa ya Karoo barani Afrika (matabaka ya miamba ya kale ya kusini na mashariki mwa bara), ya India na ya mashariki mwa Australia, ni vya zama za Pemi zilizofuata, ardhi ilipokuwa inatoka kwenye barafu. Makaa mengine ni machanga zaidi: makaa ya Fruitland katika bonde la San Juan, Marekani, ni ya mwisho wa zama za Kretasia. Kadiri matope na mchanga vinavyorundikana juu, mboji inakandamizwa na kupashwa moto: inakuwa makaa ya kahawia, kisha makaa meusi ya kawaida, na mwisho yale magumu ya kung'aa kama kioo. Safari hiyo ndiyo inayozaa methani, ambayo ndiyo gesi ninayoizungumzia. Katika makaa machanga gesi nyingine hutengenezwa na vijidudu wanaoishi kwenye maji ya tabaka, lakini gesi nyingi ya makaa ya kina kirefu ni zao la moto wa ardhi.

Gesi hiyo haikai kama maji kwenye chupa. Makaa yana vitundu vidogo mno, na ukijumlisha kuta za ndani za vitundu hivyo, gramu moja ina eneo linaloweza kuzidi mita za mraba 100. Molekuli za methani zinanata kwenye kuta hizo, na shinikizo la maji yaliyojaa kwenye nyufa ndilo linalozibana pale. Mwaka 1918 mkemia wa Marekani Irving Langmuir alionyesha jinsi gesi inavyojaza uso wa namna hii: mwanzoni kila ongezeko la shinikizo linanatisha gesi nyingi, halafu kuta zinaanza kujaa na ongezeko linapungua, hadi mkunjo unalala karibu tambarare. Hii peke yake inatosha kuivunja ile rula. Kati ya mita 200 na 600 mstari unapanda kweli. Chini zaidi unajipinda.

Na kuna joto. Kwa kawaida ardhi huongeza nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilometa, na joto linafanya kinyume cha shinikizo: linaing'oa gesi ukutani. Kwa hiyo katika kila bonde kuna kina ambacho gesi iliyonata hufikia kilele, na ukikipita inaanza kupungua. Kina hicho hakifanani kila mahali. Kinategemea joto la eneo, ukomavu wa makaa na unyevu wake. Hakisomwi kwenye bonde la jirani.

Hapa niwe mkweli kwa upande wa pili pia, maana ukweli huu una pande mbili. Kilele kikishapita, si lazima gesi yote ipungue. Katika makaa ya kina kirefu, hasa yaliyokomaa sana na yenye maji machache, sehemu kubwa ya gesi huwa huru ndani ya vitundu na nyufa, imebanwa na shinikizo ambalo kwa mita 2,000 linaweza kufikia megapaskali 20, karibu mara 200 ya hewa tunayoivuta. Gesi huru ndiyo ya kwanza kutoroka mrija unapopanda, kwa hiyo kopo langu la kawaida linaikosa karibu yote. Yaani aliyepima kwa kopo tu anaweza kudharau utajiri wa kweli, kama vile aliyetumia rula anavyoweza kuutia chumvi. Dawa ya wote wawili ni moja: mrija unaojifunga kule kule chini na kupanda na shinikizo lake. Ni wa gharama, na unagoma mara nyingi. Bado ni nafuu kuliko kusaini gizani.

Kiasi cha gesi ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito, ni kama gesi itakubali kutoka.

Makaa yana nyufa za asili za namna mbili zinazokatana karibu kwa pembe mraba, moja ndefu na nyingine fupi zinazoiunganisha. Ukiokota bonge lililovunjika vizuri utaona linapasuka kama matofali madogo. Zile ndizo barabara za gesi. Uwezo wa mwamba kupitisha gesi na maji, nitakaouita upenyevu, karibu wote unatokana na nyufa hizo. Sasa fikirini uzito wa mita 2,000 za mwamba zikikandamiza barabara zenye upana usiofikia unywele. Zinafumba. Sehemu bora za San Juan zilikuwa na upenyevu wa milidarsi (kizio cha kupimia upenyevu) kadhaa hadi makumi. Makaa mengi ya kina kirefu yana chini ya sehemu moja ya kumi ya milidarsi. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu wa fani hii walichora mstari kwenye mita 1,000 au 1,500 na kusema chini ya hapo hapana kazi.

Historia inatufundisha kwa uwazi. Marekani, baada ya unafuu wa kodi ulioanza mwaka 1980, iliijenga sekta hii juu ya makaa ya San Juan na baadaye ya Powder River, na uzalishaji ulifika kilele mwaka 2008, takriban mita za ujazo bilioni 56 kwa mwaka. Australia ilitegemea zaidi makaa ya mabonde ya Bowen na Surat, mengi yakiwa kwenye kina kisichofika mita 1,000, na ikaweza kuanza kusafirisha gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika kutoka kisiwa cha Curtis mwanzoni mwa 2015. Upande mwingine, kusini mwa Poland, katika bonde la Silesia ya Juu, makampuni yenye uzoefu na fedha yalichimba miaka ya 1990. Migodi ya bonde lile ina sifa ya kutoa methani nyingi, hakuna aliyebisha kwamba gesi ipo. Nyufa zilikuwa zimefumba, visima vikatoa kidogo, wakaondoka.

Mfano wa Indonesia unanihuzunisha zaidi. Makadirio ya miaka ya 2000 yaliipa futi za ujazo trilioni 453 za gesi ya makaa iliyopo ardhini. Mkataba wa kwanza ulitiwa saini mwaka 2008, na miaka michache baadaye mikataba ilikuwa imepita 50. Gesi iliyofika kwenye mabomba ikawa kidogo mno ukiilinganisha na namba ile. Sababu zilikuwa nyingi, za kiufundi na za kimikataba, lakini naomba mwitazame namba yenyewe: ilikuwa hesabu ya gesi iliyopo, na masikioni mwa watu ikageuka gesi itakayotoka.

Halafu China, iliyouvuka ule mstari wa zamani wa mita 1,000 au 1,500. Upande wa mashariki wa bonde la Ordos, katika eneo la Daning-Jixian, makaa ya zaidi ya mita 2,000 yalitobolewa kwa visima vya mlalo, yakapasuliwa kwa maji mengi yenye shinikizo, na mwaka 2021 kisima kimoja kilitoa zaidi ya mita za ujazo 100,000 kwa siku. Oktoba 2023 ikatangazwa gesi iliyothibitishwa ya zaidi ya mita za ujazo bilioni 110 katika uwanja wa Shenfu, nao wa makaa ya kina kirefu. Najua kuanzia sasa kila anayewaletea ombi la leseni ataitaja Ordos. Mwacheni aitaje, kisha mwulizeni: makaa yako yamekomaa kama yale? Juu yake kuna mwamba wa tope usiovujisha, au mchanga? Maji yake ni kidogo? Yameenea bila kukatwakatwa? Ordos ni bonde pana lililotulia, matabaka yake yanafuatika kwa kilometa nyingi. Mabonde mengi ya Karoo ni mitaro iliyoshuka kati ya mipasuko ya ardhi: tabaka linakatika, upande mmoja linainuka mita mia kadhaa na upande wa pili linazama, na kila kipande kina shinikizo lake na maji yake. Tena kusini mwa Afrika miamba ya moto ilipenya ndani ya Karoo yapata miaka milioni 183 iliyopita. Ilipopita karibu na makaa iliyapika. Mahali pengine ikazalisha gesi, mahali pengine ikaifukuza na kuacha makaa yaliyoungua. Kisima kimoja hakiwezi kusemea mitaro yote hiyo.

Kuna jambo jingine la kijiolojia linalosahaulika: mabonde yaliyoinuliwa. Tabaka likikaa chini sana, likajaa gesi, halafu ardhi ikainuka na juu kukamomonyoka, shinikizo hushuka na gesi nyingine hutoroka. Likifukiwa tena, shinikizo linarudi lakini gesi hairudi. Chukueni tabaka la mfano, mita 1,200 kwenda chini, shinikizo megapaskali 12. Kwa shinikizo hilo makaa yanaweza kushika mita za ujazo 18 kwa tani, ila kopo linasema 11. Ripoti itaandika 11 na msomaji ataridhika. Maana yake kwa mchimbaji ni kwamba atavuta maji na kuvuta maji, na hakuna gesi itakayong'oka ukutani hadi shinikizo lishuke karibu na megapaskali 4. Hiyo yaweza kuwa miaka ya kulipia pampu na kutafuta pa kuyapeleka maji. Bila kipimo cha uwezo wa makaa kushika gesi, kilichofanywa kwa joto halisi la tabaka, hilo haliwezi kuonekana.

Nawaomba pia mjifunze kuirudia hesabu yenyewe, si ngumu. Eneo la kilometa za mraba 100, makaa ya unene wa mita 10, uzito wa tani 1.4 kwa mita ya ujazo: tani bilioni 1.4. Zidisha kwa mita za ujazo 12 kwa tani, unapata bilioni 16.8. Namba nzuri ya kutangaza. Sasa uliza ile 12 ni ya makaa gani. Maabara mara nyingi hutoa kipimo cha makaa yaliyotolewa majivu na unyevu, ili sampuli zilinganishwe. Kama makaa halisi yana asilimia 35 ya majivu na unyevu, gesi iliyopo ni bilioni 10.9. Theluthi nzima imeyeyuka kwa sababu ya safu moja ya jedwali, na makaa ya kusini mwa dunia yanajulikana kwa majivu mengi. Uliza tena zile mita 10 ni tabaka moja au ni vitabaka kumi na tano vilivyotawanyika ndani ya mita 200 za mwamba. Kila swali linapunguza.

Basi ninaomba nini?

Ninaomba leseni yoyote ya makaa ya kina kirefu iwe na sharti la sampuli kutoka kina kile kile kinachodaiwa, baadhi yake zikitolewa kwa mrija wa kujifunga. Ninaomba tangazo lolote la kiasi cha gesi litenganishe kwa maneno ya wazi gesi iliyopo, gesi ambayo huenda ikatoka, na gesi iliyothibitishwa kuweza kuuzwa. Wahandisi wa petroli duniani wanao mfumo wao wa madaraja haya, uliotolewa 2007 na kurekebishwa 2018. Haina haja ya kubuni mwingine, inatosha kuulazimisha. Na msikubali jaribio la kisima kimoja kwa wiki tatu. Kisima cha peke yake kinavutia maji kutoka pande zote na shinikizo halishuki inavyopaswa. Vinatakiwa visima kadhaa vilivyokaribiana, vikisaidiana kulishusha, na muda wa kutosha kuona kama gesi inapanda au inazimika. Miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mwaka.

Kuhusu maji nina uchungu wa pekee. Tabaka likipunguzwa shinikizo, maji yake huja juu, na maji ya makaa ya kina kirefu mara nyingi ni ya chumvi kiasi cha kuua udongo. Anayeishi juu ya leseni ana kisima chake cha kunywa. Kama maji yake hayakupimwa kabla ya mtambo kufika, siku yakibadilika hataweza kuthibitisha lolote, na mchimbaji asiye na kosa naye hataweza kujitetea. Pimeni kabla: chumvi, methani, kina cha maji, mara kadhaa kwa mwaka, majira yote. Gharama yake ni ndogo kuliko siku moja ya mtambo.

Na visima vikichoka vizibwe. Katika bonde la Powder River, Wyoming, bei ya gesi iliposhuka baada ya 2008 kampuni nyingine zilifilisika na kuacha visima, na jimbo likabeba jukumu la kuziba maelfu. Fedha ya kuziba iwekwe dhamana siku ya leseni, kisima kwa kisima, mahali ambapo mufilisi hawezi kuifikia. Kisima kilichoachwa wazi kinavujisha methani, na kwa kipimo cha miaka 20 tani moja ya methani inaipasha dunia moto zaidi ya mara 80 ya tani moja ya kaboni dioksidi. Mtu hawezi kuniambia gesi hii ni safi kuliko makaa ikiwa hajui inavuja kiasi gani.

Wale mnaosimamia migodi, neno langu kwenu ni fupi lakini ndilo ningeliweka mbele kama barua hii ingekuwa na sentensi moja tu. Pale ambapo makaa yatachimbwa chini ya ardhi, gesi itolewe kwanza. Methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inalipuka. Tarehe 6 Juni 1972 mlipuko katika mgodi wa Wankie, Hwange ya leo huko Zimbabwe, uliua watu zaidi ya 400, na wengi wao bado wamo humo. Vipimo vya gesi nilivyovieleza juu vinatumika kwa mwekezaji wa gesi na kwa mchimbaji anayeshuka na taa kichwani. Kopo ni lile lile. Hata pale ambapo gesi haitalipa kuiuza, kipimo kinamlipa huyo anayeshuka.

Jambo la mwisho ni daftari. Niliwahi kwenda kutafuta sampuli za kampeni ya zamani ya kuchoronga, kazi ya miaka kadhaa na visima vingi. Nilikuta masanduku yamepangwa nje chini ya paa lililotoboka. Mbao zimeoza, vipande vya visima vitatu vimemwagika vikachanganyika, na makaa, ambayo yakikaa hewani huchakaa upesi kuliko miamba mingi, yamekuwa unga. Kwenye sanduku moja nilisoma kina kilichoandikwa kwa kalamu: mita 1,412. Kisima kipi, haikusomeka. Kuchoronga tena hadi pale leo ni fedha nyingi sana, na tayari ililipwa mara moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jengeni ghala kavu la sampuli, lenye orodha. Wekeni kwenye kila leseni sharti kwamba sampuli na vipimo ni mali ya umma, na kwamba leseni ikiisha au ikirudishwa, vinafunguliwa kwa yeyote anayetaka kuvisoma, vikiwemo visima vilivyoshindwa. Visima vilivyoshindwa hasa, kwa kuwa ndivyo huwa vinafichwa, na mwombaji anayefuata hurudia shimo lile lile.

Niko tayari kuja mbele ya kamati yoyote na kopo moja, tangi la maji na saa, nionyeshe kwa macho jinsi namba hizi zinavyopatikana. Inachukua asubuhi moja.

Naomba kuwasilisha.

Mpimaji wa gesi ya makaa